Friza ya zamani kuwa kabati la kegi: dalili, chanzo na dawa yake

Friza ya kulala, ile ya mfuniko juu, iliundwa igandishe nyama kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiigeuza kabati la kegi, yaani mapipa ya chuma ya bia, unaitaka ikae nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri mwaka mzima, mfuniko ukiwa umeinuliwa juu ya fremu ya mbao na koki zimechomoza mbele. Matatizo mengi yanazaliwa na mabadiliko hayo. Yaliyobaki yanaletwa na mwinuko: Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na majedwali mengi ya presha ya bia yanayozunguka mtandaoni yamepigiwa hesabu kwa mtu aliye Mombasa.

Kosa hutafutwa kwa mpangilio: joto kwanza, kisha gesi ya bia (kaboni dayoksaidi, CO2, kutoka kwenye mtungi wake), kisha mpira wa bia. Wengi hufanya kinyume. Wakiona povu wanakimbilia regulata, kile kifaa cha kurekebisha presha ya mtungi, na kufikia jioni wana makosa mawili badala ya moja. Uwe na kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka na multimita (kipima umeme) ya bei nafuu kutoka Luthuli Avenue. Bila hivyo unabahatisha.

Kegi inayozungumziwa hapa ni ya lita 19, ile iliyoanza maisha ikibeba soda: kipenyo sentimita 22 hivi, kimo 63, na ikijaa ina kilo 23 hivi. Viunganishi vikishakaa juu yake unahitaji kama sentimita 70 kutoka sakafu ya friza hadi mfuniko. Ndiyo maana fremu inawekwa.

Friza yenyewe haishuki joto

Hili lijulikane kabla hujanunua hata msumari. Weka jagi la maji ndani, washa friza kwa thamostati yake ya kiwandani, mfuniko umefungwa usiku kucha. Asubuhi maji yawe barafu ngumu. Yakiwa baridi tu, angalia mambo mawili: raba ya mfuniko, na kompresa. Kompresa inayozunguka bila kukoma huku kuta za ndani zikipoa upande mmoja tu inaashiria gesi ya kupoza imepungua. Fundi akikwambia "ni gesi tu, tuongeze", muulize tundu liko wapi. Gesi ya friza haitumiki ikaisha kama ya kupikia, ikipungua imevuja. Kwa friza kuukuu, gharama ya kutafuta tundu na kujaza upya mara nyingi inashinda bei ya friza nyingine ya mtumba.

Na usitoboe kuta. Katika friza nyingi za kulala mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya bati la pembeni, ndiyo maana ubavu wake huwa na uvuguvugu. Ukitoboa bomba hilo, kazi imekwisha. Kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a, gesi iliyotoka inashika moto. Matundu ya koki na ya mipira yote yapite kwenye fremu ya mbao.

Onyo jingine la siku ya kwanza: bawaba za mfuniko zina springi kali. Zifungue skrubu mfuniko ukiwa wazi, springi ikiwa imelegea. Ukizifungua mfuniko umefungwa, bawaba itaruka na kukutafuta vidole.

Kontrola inawaka, friza imekufa

Kontrola ni kifaa cha nje kinachosoma joto na kuiwasha au kuizima friza; ya STC-1000 ndiyo inayotumika sana kwa sababu ya bei. Kosa lake nambari moja ni kudhani inatoa umeme. Haitoi. Ni swichi tu. Skrubu 1 na 2 zinaingiza umeme wa kontrola yenyewe, 3 na 4 ni za sensa, 5 na 6 za kupasha joto, 7 na 8 za kupoza. Lazima uchukue kipande cha waya wa laivu, ule wa kahawia, ukitoe skrubu 1 hadi 7. Kisha kutoka 8 uende kwenye soketi ya friza. Waya wa samawati na wa ethi vinakwenda moja kwa moja kwenye soketi. Bila hicho kipande cha kuunganisha 1 na 7, namba zitawaka vizuri na taa ya kupoza itawaka, lakini friza haitapata kitu.

Taa ya kupoza ikiwa inamweka-mweka, hakuna kosa. Inahesabu dakika za kungoja. Ikitulia bila kumweka ndipo imewasha.

Soma kibandiko kabla ya kulipa: kontrola hii hutengenezwa pia kwa volti 12, 24 na 110. Zote zinafanana kwa sura. Ya volti 12 ukiichomeka kwenye 240 utanusa jibu mara moja.

Kuna friza za kisasa zenye vitufe vya kugusa ambazo zikikatiwa umeme zinasahau mpangilio na kungoja mtu azibonyeze tena. Kontrola ya nje haiwezi kuziamsha. Tafuta friza yenye kifundo cha kuzungusha, na ukiipata kizungushe hadi kwenye baridi kali kabisa ili kisigombane na kontrola.

Inalia "tik", inanguruma kidogo, kisha kimya

Kompresa imejaribu kuamka ikashindwa, na kinga yake ya joto imekata. Baada ya dakika chache inarudia. Ukiiacha hivyo siku nzima utaiua.

Sababu ya kwanza ni kuwashwa mapema mno. Kompresa ikizima, presha ndani ya mabomba inahitaji dakika kadhaa kusawazika. Ikiamriwa kuanza kabla ya hapo inasukuma ukuta. Kwenye STC-1000 nenda mpangilio wa F3 (dakika za kungoja), uweke dakika 5 hadi 10 badala ya 3 za kiwandani. Mtaani kwako stima ikiwa ya kupotea na kurudi, ongeza kinga ya friji kwenye plagi. Kumbuka kuwa subira ya kinga inajumlishwa na ya kontrola, kwa hiyo kimya cha dakika kumi baada ya stima kurudi ni cha kawaida.

Sababu ya pili ni volti ndogo. Pima kwenye soketi wakati kompresa inajaribu kuanza, kwa sababu ikiwa imelala volti itaonekana nzuri. Ikiporomoka chini ya 200 hivi, tazama ekstensheni nyembamba kabla hujalaumu kampuni ya umeme. Friza ichomekwe ukutani moja kwa moja.

Ikiwa volti iko sawa na subira umeweka, kinachobaki ni rilei ya kuanzishia, kile kidude kilichobandikwa ubavuni mwa kompresa. Ichomoe na uitikise: ikilia kama njuga, imevunjika ndani. Ni kipuri cha bei ndogo. Beba ya zamani dukani uilinganishe. Kwanza chomoa friza kwenye umeme, na kama ina kapasita, usiiguse midomo kabla fundi hajaitoa chaji.

Bia imeganda

Bia ya asilimia 5 huanza kuganda nyuzi 2 na kitu chini ya sifuri. Kwa hiyo mahali fulani friza imefika huko, hata kama kontrola inaonyesha 4.

Sensa inayoning'inia hewani ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hewa ikipanda nyuzi mbili kwa kufunguliwa mfuniko, kompresa inawaka, na hata ikizimwa kuta zinaendelea kunyonya joto kwa muda kwa sababu mabomba bado ni ya baridi kali. Bandika sensa ubavuni mwa kegi yenye bia, katikati ya kimo chake, kwa tepu, na juu yake kipande cha sponji nene ili isome chuma badala ya hewa. F1 (joto unalotaka) iwe 4, F2 (tofauti inayoruhusiwa kabla ya kuwasha) iwe 1. Kegi yenye sensa ikiisha, hamisha sensa. Kegi tupu inapoa na kupata joto haraka na itadanganya mfumo mzima.

Kama imeganda upande mmoja tu, kegi inagusa ukuta. Acha nafasi ya vidole viwili.

Kisha kuna kosa baya: kontrola inasema imezima, taa ya kupoza haipo, lakini kompresa inazunguka. Rilei ya ndani ya kontrola, yaani swichi yake, imegandana. Imeandikwa ampea 10, lakini hicho ni kipimo cha mzigo mtulivu kama hita; kompresa inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, na kila mwanzo unachoma midomo ya rilei kidogo. Chomoa kila kitu, pima kati ya 7 na 8 kwa multimita. Ikilia wakati kontrola haina umeme, itupe. Kwa friza kubwa weka kontakta (swichi nzito ya umeme) kati ya kontrola na friza: kontrola iamuru kontakta, kontakta ndiyo ibebe kompresa.

Povu tupu

Hapa ndipo subira inapotakiwa. Mimina glasi ya kwanza, uipime joto. Mimina ya pili papo hapo, uipime pia.

Ya kwanza ikiwa povu na ya pili safi, bia iliyolala kwenye mpira na koki imepata joto. Hewa baridi huzama, na ndani ya friza ya kulala sehemu ya juu kwenye fremu inaweza kuwa na nyuzi tano au zaidi juu ya sakafu. Dawa ni feni ya kompyuta ya volti 12, upana wa sentimita 8 hadi 12, iliyowekwa chini ikipuliza juu kuelekea migongo ya koki, iwake muda wote. Pitisha waya wake kwenye tundu la fremu. Adapta ikae nje. Viringisha mipira juu ya kegi, isining'inie kwenye fremu.

Zote mbili zikiwa povu na bia iko nyuzi 3 hadi 4, mulika tochi kwenye mpira huku rafiki akishikilia koki wazi. Mapovu madogo yakianzia pale pale kwenye kiunganishi cha kegi, gesi inapenya ndani ya bia: kuna o-ringi (pete ya raba) ndogo chini ya shingo ya bomba refu la ndani, na ikichakaa gesi ya juu ya bia inaingia humo badala ya kubaki juu. O-ringi hiyo inauzwa kwa bei ya peremende na imewafanya watu wengi wabadilishe regulata bure. Mpira ukiwa safi na povu likizaliwa kwenye koki, koki ni chafu, au ya moto, au umeifungua nusu. Koki hufunguliwa yote kwa mpigo mmoja.

Ukiona povu nyingi lakini bia ikitulia haina gesi, umeshusha presha kupita kiasi. Linachanganya hili. Mtu anaona povu, anapunguza kutoka 15 hadi 5 psi (kipimo cha presha), na sasa presha haitoshi kuishikilia gesi ndani ya bia, kwa hiyo inajitenga humo humo kwenye mpira na kutoka kama povu. Anapunguza tena. Kufikia Jumapili ana kegi nzima ya maji machungu. Rudisha presha na urefushe mpira.

Kwa mpira wa kipenyo cha ndani milimita 4.8 (inchi 3/16) na presha ya 15 psi, anza na mita 4. Ndiyo, ni mrefu. Mimina; ikitoka polepole mno kata sentimita 20, umimine tena. Glasi ya nusu lita ichukue sekunde 8 hadi 10. Mpira mnene wa inchi 5/16 hauna ukinzani wa kutosha, hata uuzungushe friza mara ngapi.

Na kama bia imejaa gesi kupita kiasi, funga gesi, vuta valvu ya kupumulia ya kegi mara chache kwa siku, urudie mpaka itulie. Hakuna njia ya mkato.

Bia haina gesi ingawa presha imefuata jedwali

Jedwali la pwani linasema nyuzi 4 na 12 psi, utapata bia ya kawaida yenye gesi karibu lita 2.5 kwa kila lita ya bia. Hapa Nairobi haitafika. Kipimo cha regulata kinaonyesha presha ya ziada juu ya hewa inayokizunguka, na hewa ya Nairobi ni nyepesi: karibu psi 12 badala ya 14.7 za usawa wa bahari. Bia haijui regulata inasema nini, inahisi jumla. Kwa hiyo ongeza psi 3 kwenye namba yoyote ya jedwali. 12 inakuwa 15, 10 inakuwa 13. Aliye Limuru, ambako ni juu zaidi, aongeze 3.5 hivi.

Kisha ngoja. Kwa presha hiyo na baridi hiyo inachukua siku 7 hadi 14. Mwenye haraka huweka 30 psi kwa saa 24 hadi 36, anaipumulisha kegi kwa valvu yake, kisha anashusha hadi 15. Kufanya hivyo bia ikiwa bado ya vuguvugu ni kazi bure, kwa kuwa gesi huingia kwenye bia baridi.

Mtungi umeisha kwa wiki moja

Kegi moja ya lita 19 inakula gesi kama gramu 150, kuanzia kuitia gesi hadi glasi ya mwisho. Mtungi wa kilo 2 basi unatosha kegi 10 na zaidi. Ukiisha mapema, unavuja.

Usitegemee saa ya presha ya mtungi. Ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika, na sindano husimama pale pale hadi kimiminika kiishe, kisha inaanguka ghafla. Pia ukiutoa mtungi sebuleni ukauingiza kwenye friza, sindano itashuka kutoka bar 57 hivi hadi chini ya 40. Huo ni ubaridi tu. Upime kwa mizani: uzito mtupu umegongwa shingoni.

Maji ya sabuni, brashi, na kila kiungo. Anza na mfuniko wa kegi. Mara nyingi haujakaa. Paka o-ringi grisi ya kiwango cha chakula, funga, upige 30 psi hadi usikie umekaa, ndipo ushuke. Kisha midomo ya kegi, klipu za mipira, na washa ya nailoni kati ya regulata na mtungi. Hapo kwenye mtungi kuna mtego: nati ya regulata ya Kimarekani, CGA 320, na ile ya Kiulaya ya milimita 21.8 zinafanana kwa macho lakini hazilingani. Usilazimishe kwa spana. Nenda na regulata yako Industrial Area unapojaza, na useme unataka gesi ya vinywaji.

Jaribio la usiku: fungua mtungi, jaza presha, ufunge valvu ya mtungi. Asubuhi sindano ya shinikizo la juu ikiwa imeanguka sifuri, uvujaji upo na bado hujaupata.

Uvujaji huu si hasara ya pesa tu. Kilo 2 za gesi hiyo zikitoka zote hapa Nairobi zinajaza zaidi ya mita mchemraba 1.3. Bedsita ya mita 3 kwa 3, dari mita 2.5, itafika karibu asilimia 6, na asilimia 4 tayari inahesabiwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Gesi hii haina harufu, ni nzito kuliko hewa na hutuama ndani ya friza kama maji kwenye karai. Ukifungua mfuniko asubuhi usiinamishe kichwa ndani mara moja, hasa kuokota kitu sakafuni. Mtungi ukae nje ya friza, umesimama na umefungwa kwa mnyororo, dirisha likiwa na upenyo. Usiufunge chumba unacholala na mtungi usiojaribiwa.

Maji yanatuama, ukungu mweusi, kompresa haizimi

Haya matatu yana chanzo kimoja: hewa ya nje inaingia. Friza ya kawaida hugandisha unyevu ukutani. Hii yako iko juu ya sifuri, kwa hiyo unyevu unakuwa maji. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei utayaona.

Weka tochi inayowaka ndani usiku, zima taa za nyumba, tazama mzunguko wa fremu. Mwanga ukipenya, ziba kwa silikoni. Raba ya mfuniko iliyolala kwa miaka hufufuka kwa joto la mashine ya kukaushia nywele, ukiivuta kwa vidole. Mbao ya 6 kwa 2 peke yake haizuii joto vya kutosha. Ibandike foamu ngumu ya sentimita 2.5 kwa ndani. Saiprasi mbichi ya Gikomba itajipinda, kwa hiyo ikauke kabla ya kuipima. Acha sentimita 10 pande zote za friza, maana ubavu ndio unaotoa joto.

Ndani weka kopo la silika jeli, uikaushe upya kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili tatu ikishiba. Ukungu upanguse kwa maji ya klorini hafifu. Klorini isiguse kegi, inakula chuma cha pua.

Inapiga shoti

Ukigusa koki na kegi zikakuuma, usiendelee hata kwa glasi moja. Chomoa. Mara nyingi ethi haipo: nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya mashimo matatu ambayo la tatu halijaunganishwa na chochote. Pima kati ya laivu na ethi. Ukikosa volti 240 hivi, ita fundi wa stima kabla ya fundi wa friza. Kontrola ikae ndani ya boksi la plastiki nje, mbali na matone. Ndani ya friza iingie sensa na waya wa volti 12 wa feni tu.

Bia ina ladha ya siagi au siki

Mpira mchafu. Osha kwa dawa ya mipira ya bia kila kegi inapoisha, au kila wiki mbili, suuza kwa maji mengi, fungua koki vipande. Mpira ukishakuwa na rangi ya chai, badilisha.

Stima imepotea kwa muda wa saa nane

Usifungue mfuniko. Kegi mbili zilizojaa ni karibu lita 40 za bia baridi, na zinapata joto taratibu sana. Stima ikirudi usimimine mara moja: povu utakaloona ni la joto, na ukigusa regulata utakuwa umeanzisha tatizo jipya. Ngoja hadi sensa isome 4, kisha saa tatu zaidi ili kiini cha kegi kifuate, ndipo umimine glasi mbili na kupima ya pili.